Chuma gani kitadumu kwenye kalibu za kufulia sururu na nyundo kwa moto?

Mfuaji wa Vingunguti

Habari za wakati huu, ndugu wanajukwaa. Nina karakana ndogo Vingunguti ambamo tunafua vichwa vya sururu na vya nyundo kwa presi ya skrubu ya tani 160 tuliyoinunua ikiwa imeshatumika. Malighafi yetu ni vyuma vya mviringo vyenye kaboni ya wastani, ambavyo tunavipasha kwenye tanuri la mafuta hadi nyuzi kati ya 1,150 na 1,200 za Selsiasi, kwa kadiri ya kipimajoto chetu cha mkononi.

Kalibu za mwanzo tulizichonga kutokana na ekseli za malori zinazopatikana kwenye vyuma chakavu, na zilizofuata tulizichonga kwa EN24, aina ya chuma cha aloi. Zote zimetuangusha kwa namna tatu. Kwanza, kingo za tundu hulegea na kuzama, hata sururu ikitoka huwa na umbo lililovimba. Pili, chini ya tundu hutokea nyufa nyembamba zinazokatana huku na huku, na alama zake huhamia kwenye bidhaa. Tatu, kalibu moja ya nyundo ilipasuka kabisa kuanzia kwenye kona ya tundu, asubuhi, tukiwa ndio kwanza tunaanza kazi.

Wauzaji wa vyuma niliowatembelea kando ya Barabara ya Nyerere wamenipa machaguo matatu: D2, H13 na 1.2714. Mmoja wao anasisitiza nichukue D2 kwa hoja kwamba ndiyo ngumu kuliko zote. Naomba ushauri wa wenye uzoefu, mkizingatia kwamba sina tanuri la kisasa la kutia chuma ugumu, na kwamba fedha ya kununua bloku na kuliharibu sina.

Mhandisi wa Metali, Chang'ombe

Ndugu Mfuaji, kabla ya kutaja jina la chuma chochote ni vyema tukazisoma kalibu zako zilizoharibika, kwa sababu umeeleza maradhi matatu tofauti na kila moja lina chanzo chake.

Kuzama kwa kingo kunatokana na chuma cha kalibu kulainika kwa joto. Uso unaogusana na kipande cha nyuzi 1,150 hupanda kwa muda mfupi hadi nyuzi 600 au zaidi, na ukingo ulio mwembamba hupata joto kutoka pande mbili. EN24 ni chuma kizuri sana cha shafti na gia, lakini hakikutengenezwa kushikilia ugumu wake katika hali hiyo. Kila kipande unachofua kinaitempa kalibu upya bila wewe kutaka (kutempa ni kukipasha tena chuma kilichotiwa ugumu ili kipunguze ukavu wake), ugumu unapungua kidogo kidogo, na mwishowe ukingo unalala kwa shinikizo la presi. Ekseli za malori zina tatizo la ziada, kwamba hujui zilitengenezwa kwa chuma gani, na nyingi zimetiwa ugumu kwenye ngozi ya juu tu, ambayo wewe unaikereza na kuitupa wakati wa kuchonga.

Nyufa zinazokatana ni uchovu wa joto. Ngozi ya kalibu hupata moto ghafla na kutaka kutanuka, ilhali mwili ulio chini yake bado ni wa baridi na unaizuia. Kisha unapopulizia maji au kilainishi, ngozi hiyo hiyo hujikunja ghafla na kuvutwa. Mzunguko huo ukirudiwa mara nyingi, nyufa huanza juu na kuingia ndani taratibu. Kadiri unavyomwaga maji mengi kwenye kalibu iliyopata moto sana, ndivyo unavyoziharakisha.

Kupasuka asubuhi hakunishangazi. Vyuma vya kalibu, hata vile bora, huwa na ukinzani mdogo dhidi ya mpasuko vikiwa vya baridi, na huwa vistahimilivu zaidi vikipashwa hadi nyuzi 200 hivi. Kalibu ya baridi yenye kona kali, ikipigwa kwa nguvu yote ya presi, itapasuka siku moja, iwe ya EN24 au ya chuma cha bei mara kumi.

Sasa tuje kwenye D2. Muuzaji wako amesema kweli kuhusu ugumu, ila ugumu anaouzungumzia ni wa kazi ya baridi. D2 ina kaboni ya takriban asilimia 1.5 na kromiamu ya takriban asilimia 12, na vitu hivyo viwili huungana na kufanya chembe kubwa ngumu ndani ya chuma. Chembe hizo huzuia kulika, na ndiyo maana kwa kukata bati ningekupendekezea D2 bila kusita. Katika ufuaji wa moto wenye kishindo, chembe hizo hizo huwa ndizo njia za nyufa. Kalibu ya D2 chini ya presi ya skrubu inaweza kuvunjika kabla haijaanza kulika, kwa hiyo hiyo iondoe kwenye orodha.

H13 ndiyo iliyobuniwa kwa kazi ya moto. Ina kaboni ya takriban asilimia 0.4 tu, kromiamu ya asilimia 5 hivi, molibdenamu kati ya 1.1 na 1.75, na vanadiamu kati ya 0.8 na 1.2. Inapotempwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 500, molibdenamu na vanadiamu hutengeneza chembe ndogo mno zinazorudisha ugumu badala ya kuupunguza, na kwa sababu zimezaliwa katika joto hilo, haziyeyuki kirahisi kalibu inaporudi kwenye joto la kazi. Kwa presi yako ningelenga ugumu wa kati ya 44 na 48 kwa kipimo cha ugumu kiitwacho Rockwell C. Mtu akikushawishi upande hadi 54 ili kalibu isilike, mkatalie. Utakuwa umebadilisha tatizo la kulika kwa tatizo la kupasuka.

Fahamu pia kwamba chuma hicho hicho kinaweza kuuzwa kwako kwa jina la 1.2344 kikitoka Ujerumani, SKD61 kikifuata viwango vya Japani, au 4Cr5MoSiV1 kikitoka China. H11 ni nduguye wa karibu, yenye vanadiamu pungufu na ustahimilivu wa mpasuko ulio juu kidogo. Ukikutana na H21, ambayo ina tangsteni ya asilimia 9 hivi, ujue kwamba inastahimili joto kali kuliko H13 lakini haipendi kabisa kupozwa kwa maji ikiwa ya moto, na katika karakana zetu maji hayakosekani.

Mchonga Kalibu, Gerezani

Alichokieleza mhandisi kuhusu sifa za H13 sina cha kupunguza. Ninachotofautiana naye ni kumwelekeza mtu moja kwa moja kwenye H13 wakati ameshatuambia kwamba hana tanuri. Uzuri wa H13 haumo kwenye bloku linalouzwa dukani. Bloku hilo huuzwa likiwa laini ili lichongeke, na sifa zote zilizotajwa hapo juu hupatikana baada ya kulitia ugumu sawasawa.

Kulitia ugumu sawasawa maana yake ni kulipasha kwa hatua, kwanza karibu nyuzi 650, kisha karibu 850, na hatimaye 1,020 au 1,030, likikaa hapo mpaka joto lienee hadi katikati, huku uso ukikingwa na hewa ili usipoteze kaboni. Baadaye linapozwa kwa hewa au kwa gesi, si kwa maji, na likibakiza joto la nyuzi 50 hadi 70 tu linatempwa papo hapo, angalau mara mbili, likiachwa lipoe kabisa kati ya kutempa kumoja na kwingine. Joto la kutempa kwa ugumu anaoutaka mhandisi ni karibu nyuzi 600, na jedwali la mtengenezaji ndilo litakaloamua nyuzi kamili. Kanda ya nyuzi 425 hadi 550 inapaswa kuepukwa kwa kalibu za kishindo, kwa kuwa chuma hutoka kigumu lakini chenye ukinzani mdogo dhidi ya mpasuko. Sasa niambieni, nani kati yetu atafanya hayo kwa jiko la mkaa, akikisia joto kwa rangi, jua la saa nane mchana likimpiga usoni? Nimeona bloku zuri la H13 likipasuka ndani ya pipa la mafuta kwa sababu fundi alilipeleka kama anavyopeleka patasi ya springi.

Kwa hiyo, kwa kalibu kubwa ya nyundo, ushauri wangu ni 1.2714 iliyokwisha kutiwa ugumu kiwandani. Huuzwa ikiwa na ugumu wa takriban Rockwell C 38 hadi 42, unaichonga hivyo hivyo kwa ncha za kabaidi (ncha ngumu sana za kukatia chuma), unaisugua, unaifunga kwenye presi na kazi inaanza. Nikeli yake, ambayo ni kati ya asilimia 1.5 na 1.8, inaipa ustahimilivu mkubwa wa kishindo, na hata bloku nene huwa na ugumu unaokaribiana kutoka juu hadi kiini chake. Wachina wana 5CrNiMo na Wajapani wana SKT4 zinazokaribiana nayo. Udhaifu wake ni kwamba haishikilii ugumu kwenye joto kama H13, hivyo kingo zake zitazama mapema zaidi. Lakini ikizama unaweza kuishusha, yaani kukwangua uso wote na kuchonga tundu upya ndani zaidi, kwa kuwa ugumu ni ule ule. Ukinunua bloku, liwe na unene wa kutosha kuruhusu kushushwa mara kadhaa.

Kwa sururu hali ni nyingine. Panchi inayotoboa tundu la mpini huzamishwa ndani ya chuma cha moto na kuzungukwa nacho pande zote, tena ni nyembamba, hapo 1.2714 italainika na kupinda. Panchi iwe ya H13 iliyotiwa ugumu ipasavyo, au 1.2367 ukiipata, ambayo ina molibdenamu ya karibu asilimia 3 na huvumilia joto zaidi. Kuwe na panchi zaidi ya moja zinazopokezana, ili iliyotoka ipate muda wa kupoa yenyewe badala ya kuchovywa kwenye ndoo. Vipande hivyo ni vidogo, kwa hiyo hata gharama ya kuvipeleka kwa mtu mwenye tanuri linalodhibitiwa haitakuumiza.

Na ukiutaka muda mrefu zaidi, usichonge bloku zima kwa H13. Tengeneza kishikilizi cha 1.2714, halafu ndani yake uingize kiini cha H13 chenye tundu peke yake, kikiwa kimebanwa kwa kupasha moto kishikilizi na kukiacha kijikunje juu ya kiini. Mbano huo husaidia sana, kwa kuwa hukikandamiza kiini kutoka pembeni na kuzuia kona zisifunguke.

Kuhusu matumizi nitakuwa mfupi ingawa hapa ndipo kalibu nyingi zinapofia. Pasha kalibu hadi nyuzi 200 au 250 kabla ya pigo la kwanza, kwa moto wa gesi unaozunguka pande zote, na ulipime joto kwa chaki ya joto au kipimajoto. Ule mtindo wa kuweka kipande chekundu ndani ya tundu na kukiacha hapo mpaka kalibu ipate moto huunguza tundu na kuacha mwili ukiwa baridi. Kona za ndani ziwe na mviringo wa milimita 3 au zaidi pale umbo linaporuhusu. Magamba ya chuma yaangushwe kwanza, kwa brashi ya waya au kwa kukipiga kipande pigo jepesi kwenye sahani bapa, maana magamba ni magumu na husaga tundu kila pigo. Kilainishi kiwe grafiti iliyochanganywa na maji, ipulizwe kwa ukungu mwepesi. Machujo ya mbao na oili chafu husaidia kutoa kipande, ila kwa moshi ule majirani zako wa Vingunguti watakuja kukushitaki, na wana haki.

Mnunuzi wa Vyuma, Tabata

Naongeza upande wa kununua tu. Jina lililoandikwa kwa rangi ubavuni mwa bloku si ushahidi. Dai cheti cha kiwanda chenye namba ya myeyusho (yaani ya kundi la chuma lililoyeyushwa pamoja), na uhakikishe namba hiyo imegongwa kwenye chuma chenyewe. Wakikukatia kipande, waombe wakuachie upande wenye mhuri au waugonge upya mbele yako. Kisha kata kisahani kidogo ukakiulizie upimaji wa kemikali kwenye maabara ya chuo cha uhandisi, kama DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au TBS (Shirika la Viwango Tanzania). Kwenye H13 angalia kwanza molibdenamu na vanadiamu, kwa sababu ndizo ghali na ndizo zinazopunguzwa na wasio waaminifu. Kromiamu peke yake haithibitishi kitu.

H13 iliyo laini inapaswa kuwa na ugumu usiozidi 235 kwa kipimo kingine cha ugumu, Brinell, au karibu na hapo. Ikizidi sana, imepoozwa vibaya kiwandani na itakusumbua kuichonga. Pia usinunue kipimo kamili cha kalibu. Ngozi ya nje ya bloku lililofuliwa huwa imepoteza kaboni, hivyo ongeza milimita kadhaa kila upande na uziondoe zote. Kama bei inaruhusu, chagua iliyoyeyushwa upya kwa slagi (taka iliyoyeyuka inayonyonya uchafu wa chuma), kwa kuwa ndani yake kuna uchafu mchache zaidi na ustahimilivu wake kwa upande wa mkingamo ni bora.

Mfuaji wa Vingunguti

Shikamoo mzee wa Gerezani, na ninawashukuru nyote. Nimeelewa kwamba nilikuwa naulizia jina la chuma wakati jambo la kwanza ni nani atakitia ugumu. Nimeamua kalibu ya nyundo iwe 1.2714 iliyo tayari, na panchi za sururu ziwe H13. Yamebaki maswali mawili. Je, kutia uso naitrojeni kutasaidia? Na kingo zikizama, inafaa kuzijaza kwa kulehemu badala ya kushusha kalibu?

Mhandisi wa Metali, Chang'ombe

Ninakubaliana na mzee kuhusu kalibu ya nyundo. Kwa mazingira uliyoyaeleza, 1.2714 iliyo tayari ni salama kuliko H13 iliyotiwa ugumu kwa kubahatisha.

Naitrojeni hufaa kwenye panchi za H13. Hufanyika kwa nyuzi 500 hadi 530 hivi, chini ya joto la kutempa, hivyo kiini hakilainiki, na huacha ngozi yenye kina cha sehemu ya milimita ambayo ugumu wake hufika 1,000 na zaidi kwa kipimo cha Vickers. Ngozi hiyo huzuia kulika na huzuia chuma cha moto kunata. Sharti ni kwamba isiwe nene mno, maana ngozi nene huanza kupasuka kwenye kona, na uso uwe umesuguliwa vizuri kabla. Kwa 1.2714 faida ni ndogo, kwa kuwa kromiamu yake ni ya asilimia 1 tu na vitu vinavyoungana na naitrojeni ni vichache. Kama utachongesha tundu kwa mashine ya cheche (inayokula chuma kwa cheche za umeme), ngozi nyeupe inayobaki lazima iondolewe kwa kusugua, kisha kalibu ipashwe tena kwa nyuzi kama 25 chini ya joto lake la mwisho la kutempa. Nyufa nyingi zinazolaumiwa kuwa za kiwandani zimezaliwa kwenye ngozi hiyo.

Mchonga Kalibu, Gerezani

Marahaba, mwanangu. Kulehemu kunawezekana, ila si kwa namna ya kulehemu geti. Ukwanguliwe kwanza ufa wote mpaka uishe, maana ukiufunika utaendelea chini kwa chini. Kalibu ipashwe nzima hadi nyuzi 300 na zaidi, ibaki kwenye joto hilo muda wote wa kazi, na utumie elektrodi za chuma cha kazi ya moto, si zile za kawaida. Ukimaliza, ifukie kwenye majivu makavu au chokaa ipoe taratibu, halafu itempwe kabla ya kuchongwa. Kama huna njia ya kuishikilia kwenye joto hilo, ishushe tu, itakuwa nafuu.

Jambo la mwisho ni la hapa kwetu pwani. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na kalibu iliyolala bila kazi hushika kutu ndani ya tundu kwa haraka. Mashimo madogo ya kutu hugeuka vianzio vya nyufa siku utakapoirudisha kwenye presi. Kila inapotolewa, ifutwe grafiti yote ikiwa bado vuguvugu, kwa sababu grafiti hushika unyevu, kisha ipakwe grisi na kuwekwa juu ya ubao, isilale kwenye sakafu ya saruji.